Fomu ya P9 Iliyopotea Kabla ya Mwisho wa Juni

Mwezi wa Juni una uzito wake katika Usenge, mji wa Yimbo kando ya Ziwa Victoria. Ni mojawapo ya miezi ambayo uvuvi wa omena huzuiliwa ili samaki hao wapate kuzaana, na kwa hiyo ufuko, ambao kwa desturi hutandazwa nyavu na omena wanaoanikwa juani, huwa na nafasi nyingi tupu. Lakini ukipanda kutoka majini kuelekea sokoni, mahali ambapo matatu za Bondo hupakia abiria na wasafiri wa kisiwa cha Mageta huulizana habari za mashua, utaona kwamba vile vyumba vidogo vya kompyuta, ambavyo wakubwa kwa wadogo huviita saiba, vimejaa watu kuliko miezi mingine yote. Humo wamo walimu, wauguzi wa zahanati, askari walio likizoni, makarani wa kaunti na wazee waliostaafu, kila mmoja na bahasha yake kwapani, nao wote wamekwenda kwa shauri moja, nalo ni kuwasilisha ritani ya ushuru wa mapato kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, kabla ya siku ya tarehe 30 Juni kwisha.

Katika umati huo hakosi kuonekana mtu mmoja aliyejitenga pembeni, ambaye ameimwaga bahasha yake juu ya benchi, akaipekua mara ya kwanza, akairudia mara ya pili, akaona cheti cha kuzaliwa cha mtoto, stakabadhi za karo, barua ya kupandishwa cheo ya miaka mingi iliyopita, kila kitu isipokuwa kile alichokijia. Alichopoteza ni fomu ya P9. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na la kwanza ambalo ningependa alisikie ni kwamba hofu yake ni kubwa kuliko msiba wake, na kwamba hatari iliyo mbele yake si ile anayoidhania.

P9 ni karatasi moja tu, nayo haina pambo. Juu yake pameandikwa jina la mwajiri na PIN yake, yaani nambari yake ya mlipa ushuru, kisha jina la mwajiriwa na PIN yake. Chini yake hufuata mistari 12, tangu Januari hata Desemba, na kila mstari umekatwa vipande vingi vilivyopewa herufi za alfabeti, vikionyesha mshahara wa msingi, marupurupu, thamani ya nyumba ikiwa mwajiri ametoa nyumba, jumla ya mapato, michango ya uzeeni, kiasi kinachostahili kutozwa ushuru, ushuru wenyewe, nafuu ya mtu binafsi ambayo ni shilingi 2,400 kwa mwezi, na mwisho kabisa ile tarakimu ambayo kila mwajiriwa huitazama kwa jicho la huzuni, yaani ushuru uliokatwa na kupelekwa hazina. Mtumishi wa serikali ataona pia, tangu Januari 2021, mchango wake katika mpango mpya wa pensheni wa watumishi wa umma, ulioanzia asilimia 2 ya mshahara ukapanda hadi asilimia 7.5. Kwa ufupi, karatasi hiyo ni wasifu wa mwaka mzima wa kazi ulioandikwa kwa tarakimu pasipo neno la sifa.

Watu wengi, na si watu wasiosoma, huona dhuluma katika jambo hili: maadamu ushuru umekwisha kukatwa kila mwezi kabla mshahara haujafika mkononi, kwa nini mtu alazimishwe kuandika tena habari zake? Jawabu ni kwamba kukatwa ushuru ni tendo la mwajiri, ilhali ritani ni tamko la mwenye mapato mwenyewe, na sheria imeweka matendo hayo mawili mbalimbali ili moja lipate kulishuhudia jingine. Mwajiri huwasilisha hesabu zake kila mwezi, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, katika fomu iitwayo P10. Mwajiriwa huwasilisha yake mara moja kwa mwaka. Hesabu hizo mbili zikipatana, shauri limekwisha. Zisipopatana, maswali huanza, na P9 ndiyo ithibati ambayo mwajiriwa huishika mkononi wakati wa maswali.

Haifai kumcheka mtu anayetokwa na jasho kwa sababu ya karatasi ya ushuru katika ufuko huu, kwani hofu hiyo ameirithi kwa waliomtangulia. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na sehemu hizi zilipotolewa chini ya Uganda zikatiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1902, kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuanza kutozwa, ikilipwa kwa rupia na pengine kwa mifugo. Na tangu hapo stakabadhi ya kodi ikawa kitu cha kuhifadhiwa pamoja na roho, kwa kuwa aliyeulizwa akashindwa kuionyesha alihesabiwa kuwa hakulipa, hata kama alilipa mbele ya mashahidi. Mwaka 1921 vijana waliosoma katika shule za misheni walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, wakaanzisha chama ambacho miongoni mwa malalamiko yake yalikuwamo kodi na kipande, yaani kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kukibeba. Na mwaka 1923 chama hicho, kikiongozwa na Archdeacon Owen wa kanisa la Anglikana, kikageuzwa kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, kama sehemu hizi zilivyoitwa wakati huo. Naona fahari kidogo, na nadhani si mimi peke yangu, kwamba watu wa mwambao wa ziwa hili walifanya siasa kwa jina la mlipa kodi miaka 40 kabla ya uhuru. Ushuru wa mapato wenyewe uliingia Kenya mwaka 1937, sheria inayotumika sasa, Sura ya 470, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1974, na KRA ikazaliwa tarehe 1 Julai 1995.

Lakini zama za stakabadhi ya pekee zimepita, na hapa ndipo mtu wetu wa kwenye benchi anapokosea. Stakabadhi ya kodi ya nyumba, ikiliwa na mchwa, ilikuwa imekwenda na ushahidi wake. P9 haiko hivyo. Karatasi iliyokuwa katika bahasha yake ni nakala tu ya kumbukumbu zilizoko mahali pawili, kwa mwajiri aliyemlipa na kwa KRA iliyopokea P10 za mwajiri huyo mwezi baada ya mwezi. Na kumbukumbu hizo hazilowi mvua wala haziliwi na mchwa. Mwaka 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipopanda kupita kiwango chochote kilichowahi kupimwa na watu wengi wa ufukoni wakahama nyumba zao, ziliangamia karatasi za kila namna, hati na vyeti ambavyo kuvipata tena kulihitaji taarifa ya polisi, viapo na safari. P9 haihitaji lolote katika hayo. Mtu asipoteze siku yake kwenda kituo cha polisi kuandikisha kwamba amepotewa na P9. Askari atamwandikia, pengine, kwa kumstahi, lakini hakuna mtu atakayemdai karatasi hiyo.

Anachotakiwa kufanya ni kumwendea aliyemlipa. Mwalimu wa shule ya umma, ambaye mwajiri wake ni Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ataipata P9 yake katika tovuti ileile ya Tume anamosomea hati yake ya mshahara kila mwezi, kwa kutumia nambari yake ya TSC na nenosiri lake, na ataweza kuchapisha ya mwaka anaoutaka. Na kwa kuwa TSC iliacha zamani kuwapelekea walimu hati za karatasi, aghalabu mwalimu ndiye mwenye shida ndogo kuliko wote. Mtumishi wa wizara ana mfumo wake wa serikali kuu wa habari za watumishi, nao hutoa P9 kwa namna hiyohiyo. Muuguzi wa zahanati ana habari nyingine kidogo, kwa sababu tangu ugatuzi wa mwaka 2013 huduma za afya zilikwenda kwenye kaunti, na hivyo mwenye hesabu zake ni ofisi ya mishahara ya kaunti, ambayo kwa mtu wa Usenge iko mjini Siaya, si Kisumu wala Nairobi. Nimeona wauguzi waliopanda matatu hadi Kisumu, wakakaa foleni nusu siku katika Kituo cha Huduma cha serikali, wakaambiwa warudi Siaya. Kituo cha Huduma kina mambo mengi mema, na kwa habari za PIN na nenosiri ndiko kwa kukimbilia, lakini hakiwezi kumpa mtu P9 ambayo hakikuitoa.

Mstaafu wa serikali naye anayo P9, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka waulizwe. Pensheni ni malipo yanayotoka serikalini, na Idara ya Pensheni katika Wizara ya Fedha, Nairobi, humhesabia mstaafu kama vile mwajiri anavyomhesabia mwajiriwa, kwa nambari yake ya pensheni. Hapo zamani ilimpasa mzee kuandika barua au kusafiri. Siku hizi habari nyingi za idara hiyo hupatikana kwa mtandao, nami ningemshauri mzee asiyezoea kompyuta amtume mjukuu anayemwamini badala ya kumtuma jirani, kwa sababu nambari ya pensheni, nambari ya kitambulisho na PIN zikikusanyika katika mikono isiyo amini zinaweza kufanya maovu makubwa kuliko kupotea kwa karatasi.

Kisa kigumu ni cha yule ambaye mwajiri wake hayupo tena. Mwambao huu unawajua watu hao: viwanda kadhaa vya minofu ya samaki vya Kisumu vimefunga milango, miradi ya wafadhili huja kwa ngoma na kuondoka kimya, na shule za binafsi hubadili wenyewe. Mtu kama huyo akusanye hati zake za mshahara za mwaka husika, azijumlishe mwenyewe mwezi kwa mwezi, maana P9 si kitu kingine ila jumla yake. Na asipokuwa nazo, afungue akaunti yake ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, ambamo mara nyingi ritani hujazwa yenyewe kwa hesabu alizoziwasilisha mwajiri. Mara nyingi, nasema, si kila mara. Akikuta miezi minane tu imejazwa ilhali alifanya kazi miezi 12, ajue kwamba huenda mwajiri alikata ushuru miezi yote na kuwasilisha hesabu za miezi minane tu, na hapo hati za mshahara na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ulioingia ndizo zitakazomtetea.

Hapo juu nimesema kwamba hatari iliyo mbele ya mtu wetu si ile anayoidhania, na sasa nitaieleza kwa bayana. Aghalabu mazungumzo katika saiba, kati ya kijana mwenye kompyuta na mwalimu, ambaye kwa Kijaluo huitwa japuonj, huwa kama haya.

"Japuonj, P9 iko wapi?"

"Imepotea, kijana wangu. Nimeitafuta nyumba nzima."

"Si neno. Tujaze sifuri tu, risiti itoke, uende zako. Hakuna anayeangalia."

Kijana anayesema hivyo si mwovu. Ana watu wengi nyuma ya mwalimu, stima inaweza kukatika wakati wowote, mfumo wa KRA unakokota katika siku za mwisho za Juni kama punda aliyebebeshwa mawe, na ritani ya sifuri humalizika kwa dakika chache. Tena risiti itatoka kweli, yenye nembo na nambari, na mwalimu ataikunja na kwenda nyumbani akiwa na amani ya uongo. Kwa maana ametamka, kwa PIN yake na kwa jina lake, kwamba mwaka mzima hakupata hata senti moja, na katika hifadhi ileile ya KRA zimekaa P10 za mwajiri wake, 12 kwa hesabu, zinazosema kinyume. Tuchukue mtu ambaye mapato yake ya kutozwa ushuru ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2023, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30, jumla shilingi 9,783. Ikiondolewa nafuu ya 2,400, mtu huyo amekatwa shilingi 7,383 kila mwezi, karibu 88,600 kwa mwaka. Kuna insafu gani mtu kulipa fedha hizo zote kwa uaminifu, halafu kwa kukosa karatasi ambayo angeipata kwa robo saa, ajiandike mwenyewe katika orodha ya waliosema uongo?

Ritani ya sifuri ina watu wake wa haki, mathalani mwanafunzi aliyechukua PIN kwa ajili ya mkopo wa masomo, au kijana aliyemaliza chuo na hajapata kazi. Kwa hao ni wajibu. Kwa mwenye mshahara ni kosa, hata akijaziwa na mtu mwenye kompyuta.

Kuna na jambo jingine, ambalo P9 iliyopotea hulifunika na P9 iliyopatikana hulifunua. Mtu akiwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja, kama vile muuguzi wa kaunti ambaye jioni hufundisha katika chuo, atakuwa na P9 mbili, na ikiwa amepotewa na moja atashawishika kuiwasilisha ile iliyoko tu. Lakini ushuru huhesabiwa kwa jumla ya mapato yake. Tuseme kazi ya kwanza ni ile ya shilingi 50,000, na ya pili inamlipa 20,000. Mwajiri wa pili, asiyejua habari za wa kwanza, hukata asilimia 10 katika zile 20,000, apate 2,000, kisha huondoa nafuu ya 2,400, na hivyo hakati kitu. Mapato yakijumlishwa, zile 20,000 zote zinaangukia katika daraja la asilimia 30, yaani shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 72,000 ambazo hazina haikuzipata. Si mwajiri atakayedaiwa fedha hizo. Muuguzi huyo huona deni hilo siku ya ritani, akadhani mfumo umeharibika, na ndipo huja tena yule kijana na shauri lake la kuifuta P9 ya pili. Ningemshauri afanye jambo ambalo wachache hufanya: mwezi ambao kazi ya pili inaanza, amwambie mwajiri wa pili asimpe nafuu, akatwe kidogokidogo kuliko kukatwa kichwa.

Kizuizi kinachowakwamisha watu wengi, kwa kweli, si P9 bali ni mlango wa iTax wenyewe. Watu wengi walitengenezewa PIN zao katika saiba siku walipoajiriwa, na mhudumu aliyeulizwa barua pepe akaibuni papo hapo, jina la mtu na tarakimu mbili tatu, pamoja na nenosiri ambalo halikuandikwa mahali popote. Mhudumu akahama, saiba ikawa duka la M-Pesa, na mwenye PIN hajawahi kuiona barua pepe hiyo. Sasa mfumo unamwambia kwamba nenosiri jipya limepelekwa kwenye barua pepe yake. Mtu wa namna hii hana budi kuthibitisha mbele ya KRA au katika Kituo cha Huduma, kwa kitambulisho chake, kwamba yeye ndiye, ili barua pepe ibadilishwe. Na ndiyo sababu ya kumtaka aanze shauri hili mwezi wa Machi au Aprili, wakati foleni ni fupi, wala asingoje juma la mwisho la Juni. Akiisha kupata barua pepe yake mwenyewe, nenosiri lake na aliandike mahali pake, na asimwachie mhudumu wa saiba. Mtu hamwachii mwenye duka ufunguo wa nyumba kwa sababu amemuuzia kufuli.

Wapo wasiohusika kabisa na fomu hii, nao hutiwa hofu bure. Mzee aliyetimiza miaka 70 anayepokea shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, kwa mwezi hana P9 ya fedha hizo, hakatwi ushuru, na anayemwambia alipie fomu ili asifutwe katika orodha anamwibia. Mstaafu wa serikali yuko katikati. Kwa muda mrefu aliyefikia miaka 65 hakutozwa ushuru katika pensheni yake, na aliye chini ya umri huo alisamehewa shilingi 25,000 za kwanza za kila mwezi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 sheria iliyorekebishwa imepanua msamaha huo hata kwa pensheni ya kila aliyefikia umri wa kustaafu. Lakini kusamehewa ushuru si kusamehewa ritani maadamu PIN yake ingali imeandikiwa wajibu wa ushuru wa mapato, na wazee kadhaa wameshangaa kuandikiwa faini kwa mwaka ambao hawakudaiwa hata shilingi.

Kenya haina malipo ya serikali kwa mtu aliyepoteza kazi, na kwa hiyo hatuna fomu ya malipo hayo; walio nayo ni ndugu zetu walioko Marekani, nao ni wengi kiasi cha kutosha katika Siaya hata habari zao zikawa habari zetu. Mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli na viwanja vya ndege, wengi wao walilipwa na serikali za majimbo fedha za kujikimu, na kila jimbo lilipaswa kuwatolea, kufikia tarehe 31 Januari, fomu iitwayo 1099-G, kwa kuwa kule fedha hizo hutozwa ushuru kama mshahara. Kwa mwaka huo mmoja sheria ya Machi 2021 ilisamehe dola 10,200 za kwanza kwa wasio matajiri. Aliyehama nyumba fomu ikafuata anwani ya zamani hakuwa na la kufanya ila lile lile tulilolisema la P9, yaani kumrudia aliyelipa: akaunti yake katika tovuti ya jimbo, au, ikishindikana, nakala ya kumbukumbu za mapato inayotolewa na IRS, ambayo ndiyo KRA yao. Wengine walipata fomu ya fedha ambazo hawakuzipokea kamwe, zilizochukuliwa na wezi kwa majina yao. Hao waliambiwa wadai fomu iliyosahihishwa, wala wasiandike katika ritani mapato yasiyo yao. Na mzee mwenye uraia wa huko aliyerudi kujenga Yimbo baada ya kustaafu, anayepokea pensheni ya idara ya Social Security, hutolewa kila Januari fomu ya SSA-1099, ambayo nakala yake huipata katika akaunti yake ya idara hiyo. Mwisho wa ritani ya Marekani ni tarehe 15 Aprili, lakini raia wa huko aishiye ng'ambo hupewa muda hata tarehe 15 Juni bila kuomba, ingawa riba ya deni, kama lipo, haingoji.

Turudi Usenge. Ikiwa tarehe 30 Juni imepita na P9 haijapatikana, ritani na iwasilishwe hata hivyo, mara itakapowezekana. Faini ya mtu binafsi kwa kuchelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa. Zamani ilikuwa 20,000, na wako watu ambao mpaka leo wanaogopa kuingia iTax kwa sababu ya kukumbuka faini ile. Kama kuna ushuru wenyewe ambao haujalipwa, huongezwa asilimia 5 ya kuchelewa kulipa na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Mwenye mshahara mmoja aliyekatwa sawasawa hana deni la namna hiyo, kwa hiyo kuchelewa kwake kutamgharimu zile 2,000 tu, lakini zitarudiwa kila mwaka ambao hakuwasilisha, na siku atakapoomba cheti cha utiifu wa kodi kwa ajili ya kazi mpya atazikuta zote zimepangwa zikimngoja.

Na ikiwa aliwasilisha kwa kukisia, au kijana wa saiba alimjazia sifuri, sheria inampa nafasi ya kuirekebisha ritani ndani ya miaka 5, kwa kuweka tarakimu za kweli mahali pa zile za kubuni. Afadhali aifanye kazi hiyo mwenyewe kuliko kungoja barua. Kama kasoro ni ya mwajiri, kwa mfano P9 inaonyesha ushuru wa miezi 12 na iTax inaonyesha minane, amwandikie mwajiri barua, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, amtake asahihishe P10 zake, kisha aipeleke barua hiyo pamoja na hati za mshahara kwa ofisi ya KRA iliyo karibu. Hati hizo zote sheria humtaka mlipa ushuru azihifadhi miaka 5 tangu mwisho wa mwaka zinaouhusu: P9 ya mwaka 2024, kwa hiyo, isitupwe kabla ya mwisho wa Desemba 2029, na nakala moja ipigwe picha ikae katika simu, nyingine ikae katika barua pepe, na ile ya karatasi iwekwe juu, mbali na sakafu, kwa kuwa mchwa wa Yimbo hawatofautishi gazeti na hati ya serikali.